Nusu ya Pili ya Wimbo wa Masanduku

Nyimbo zilikuwa kumi na nne. Siku ambayo ningemaliza kuiandika ya kumi na nne, ningerudishiwa pasipoti yangu na kutiliwa saini ya kutoka nchini. Makubaliano hayo yalitamkwa mbele yangu katika nyumba moja ya Riyadh, chumbani kwa bibi niliyekuwa nikimtunza, baada ya sala ya alasiri, mwezi uleule ambao mkataba wangu wa miaka miwili ulimalizika. Bibi alikuwa kitini na ala yake mapajani. Mwanawe, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini nchini, alisimama mlangoni bila kuvua miwani yake ya jua.

"Zikiisha nyimbo za mama, utakwenda kwenu," alisema. "Na mama ndiye atakayeniambia kwamba zimekwisha."

Nilikubali bila kusita, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha andika kumi na mbili. Nyumbani, kisiwani Lamu, mama yangu mzazi alikuwa akipoteza nuru ya macho, na alikuwa amenitumia neno kwamba angependa kuniona angali akiona. Nyimbo mbili, niliwaza, ni kazi ya majuma matatu.

Ala yenyewe inahitaji maelezo, kwa kuwa sijapata kuiona nyingine tangu hapo. Bibi aliiita dalsima, kama walivyoiita watu wa milima ile ya Amerika alikoipata. Ni sanduku jembamba la mbao, refu kama mkono wa mtu mzima, lililobanwa kiunoni na kutobolewa matundu manne yenye umbo la moyo. Hulazwa mapajani. Juu yake zimepita nyuzi tatu, na chini ya nyuzi zimepigiliwa waya fupi ambazo mimi nilizoea kuziita ngazi. Mkono wa kushoto huteleza juu ya ngazi hizo kwa kijiti cha mwanzi, ukiubana uzi mmoja tu, ule ulio karibu na mpigaji, nao ndio unaobeba wimbo. Mkono wa kulia hupiga nyuzi zote tatu kwa unyoya uliochongwa. Nyuzi mbili zilizobaki hazibanwi kamwe. Huvuma sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho, hata wimbo uwe wa furaha namna gani, na kila unachokisikia juu yake unakisikia kikitembea na mvumo huo. Katika miezi yangu ya kwanza niliusikia hata nikiwa jikoni, hata ala ikiwa imefungwa ndani ya sanduku lake.

Bibi aliipata alipokuwa bi harusi. Mumewe alipelekwa Amerika kusomea elimu ya miamba, wakapanga nyumba ya mbao mlimani, na ng'ambo ya njia aliishi mjane mzee aliyekuwa akipiga ala hiyo barazani kila jioni. Nyimbo za mjane zilikuwa kongwe kuliko nyumba zote za pale. Mababu wa mababu zake walizivusha bahari kutoka Ayalandi na Uskoti, bila karatasi, na yeye alizipokea kwa mama yake kama vile mtu anavyopokea namna ya kukanda unga. Bibi hakujua Kiingereza, wala mjane hakujua Kiarabu. Alijifunza kwa kutazama mikono. Majina ya nyimbo hakuyashika, kwa hiyo alizipa yake kulingana na kilichokuwa kikitokea siku aliyojifunza: Ya Theluji, Ya Sabuni, Ya Mbwa Aliyepotea. Ya kumi na nne aliiita Ya Masanduku.

Mimi nilikuwa nimefunzwa kazi nyingine. Kwa miaka kumi na mmoja nilihakiki miswada ya kale ya pwani, ile ya hati za Kiarabu, katika maktaba ndogo ambayo baadaye ilifungwa. Mwalimu wangu alikuwa mkali juu ya jambo moja kuliko yote: palipoliwa na mchwa paachwe wazi. Mhakiki hukadiria ukubwa wa pengo, huandika pambizoni kwamba hapa yamepotea maneno takriban manne, kisha huendelea. Anayejaza pengo kwa maneno yake, alikuwa akisema, amemzika mwenye kitabu na kulala kitandani mwake. Maktaba ilipofungwa, ilikuwa miaka ile mawakala wa kazi za Uarabuni walipokuwa wakijaza ndege nzima kwa wanawake wa kwetu, na wakala mmoja aliniambia kwamba kuna bibi mwenye heshima anayehitaji mtu wa kumsomea Kiarabu. Haikuwa uongo mtupu. Asubuhi nilimsomea, na saa zilizobaki nilifua, nilipangusa na nilimwogesha.

"Ustadha," aliniita, akinicheka kwa lafudhi yangu. "Unasema kama kitabu kilichofunguka chenyewe. Sema kama watu."

Aligundua mapema kwamba kumbukumbu yake inapungua, na yeye ndiye aliyetaka nyimbo ziandikwe. Tulifanya kazi kila siku baada ya alasiri. Madirisha ya chumba kile yalibandikwa karatasi ya fedha kuzuia jua, na chini ya nyuzi tuliweka kitambaa kuufifisha mlio, kwa amri ya mwanawe, kwa kuwa sauti ya ala haikupendwa katika nyumba ile. Yeye mwenyewe hakuingia. Lakini mara kwa mara, katika ule mstari wa mwanga chini ya mlango, niliviona vivuli viwili vya miguu yake. Vilisimama mpaka wimbo uishe, kisha viliondoka.

Niliandika kwa tarakimu, ngazi kwa ngazi, kutoka kulia kwenda kushoto kama mkono wangu ulivyozoea. Nilijifunza kwamba kila wimbo una nusu mbili. Ya kwanza hupigwa mara mbili, ya pili mara mbili, na mwishoni uzi wa wimbo hushuka mpaka ukakutana na zile nyuzi zinazovuma, sauti zote zikawa moja. Hapo bibi aliinua unyoya na kusema, "Tumefika nyumbani." Katika nyimbo kadhaa sauti ya saba ilikuwa chini kidogo kuliko sikio langu lilivyotarajia. Nilidhani ni kosa, lakini sikuligusa. Niliandika nilichosikia, na baadaye nikathibitisha kwamba ndivyo ngazi za ala zilivyopigiliwa na ndivyo nyimbo zenyewe zilivyo. Nilijivunia sana kutoligusa.

Ya kumi na tatu ilikwisha kwa siku nne. Ya Masanduku haikwisha. Bibi alipiga nusu ya kwanza, akairudia, akainua unyoya, na mkono ukabaki juu. Kisha akaanza upya. "Kesho itakuja," alisema. Kesho yake mkono ulibaki palepale. Ijumaa baada ya chakula mwanawe alimwuliza, "Mama, zimekwisha?" Naye alijibu kwa upole, "Imebaki moja." Ijumaa iliyofuata alijibu vivyo hivyo. Nilihesabu Ijumaa kumi na tisa.

Katika juma la ishirini uzi mmoja ulilegea, nami nikatafuta ndani ya sanduku la ala kama kulikuwa na wa akiba. Chini ya kitambaa cha ndani nilipapasa karatasi. Lilikuwa daftari. Ndani yake zilipangwa tarakimu kama zangu, ila zilikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nyimbo zote zilikuwamo. Nilizilinganisha na zangu mstari kwa mstari, na tofauti nilizozikuta zilikuwa saba, zote ndogo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa nusu ya kwanza ya Ya Masanduku, na chini yake karatasi tupu.

Nililipeleka jikoni. Mpishi wetu alikuwa Mkenya wa bara, mwanamke mcheshi aliyekaa nyumba ile miaka sita na kumwita bibi mama mkubwa.

"Dada, huu ni mwandiko wa nani?"

Alikausha mikono kwanza. "Huo ni wa yule Mfilipino. Alikuwa hapa kabla yako. Ulidhani wewe ndio wa kwanza kuambiwa imebaki moja?"

"Alikwenda kwao?"

"Alienda Manfuha, mtaa wa hapa hapa Riyadh. Asubuhi moja alitoka na taka, akaweka taka kwa pipa vizuri, akaendelea kutembea. Huko anakaa chumba moja na wengine wasio na ikama, hiyo karatasi ya kukaa nchini, wakisikia gari wanazima taa." Alirudi kwenye vitunguu vyake. "Pasipoti yake iko kwa kabati ya bosi, na yako, na yangu. Zimelala hapo zimefuatana kama masista."

"Alikaa miaka mingapi na nyimbo hizi?"

"Mitatu. Na huyo mama mkubwa wakati huo alikuwa sawa kabisa, anakumbuka mpaka chumvi nilitia saa ngapi." Alinitazama. "Mwalimu, na hiyo kichwa yako yote, si utunge tu hiyo ingine? Nani atajua?"

"Huo utakuwa uongo, dada."

"Ni wimbo, mwalimu. Si kitabu ya Mungu."

Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimeudhika, na hasira iliponitoka nilibaki na lile neno lake la kati. Bibi alikuwa sawa kabisa. Basi miaka mitano nyuma, kabla ugonjwa haujamgusa, wimbo ulikuwa ukikomea palepale. Pengo lile halikuwa la kusahau. Siku iliyofuata nilimwuliza ilikuwaje siku ya masanduku, naye alinisimulia kwa furaha: mumewe alikuwa akifunga mizigo juu ya gari ili warudi Uarabuni, na mjane alikuja na ala barazani, akapiga wimbo ambao hakuwahi kuupiga, akarudia, kisha akaiweka ala mapajani kwa bibi iwe zawadi. Gari liliondoka. Nilimwomba anisimulie tena baada ya siku tatu, na tena baada ya juma. Hakubadilisha hata jambo moja. Nusu ya pili hakuisahau, kwa kuwa hakuwahi kuisikia. Alikuwa akingoja kukumbuka kitu ambacho hakikuwahi kuingia kichwani mwake, nami nilikuwa nimefungwa kwa kitu hicho.

Mwezi huohuo daktari alishauri hewa ya bahari, tukahamia Jeddah kwa gari. Safari ilichukua mchana mzima. Niliipakata ala, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeondolewa, mtetemo wa barabara ulizitikisa nyuzi mbili zile, zikavuma zenyewe njia nzima katikati ya jangwa. Bibi alilala. Mwanawe, usukani mikononi, alinitazama mara moja katika kioo, kisha akapandisha dirisha ambalo lilikuwa limekwisha pandishwa.

Jeddah niliomba ruhusa ya kupiga simu nyumbani, na mpishi nami tulipelekwa mtaa wa Sharafiya na dereva wa jirani. Tuliingia duka la simu lenye vibanda vya mbao, mtu akizungumza huku jirani yake akisikia yote. Mama yangu alikuwa amempakata mjukuu, mtoto wa dada yangu.

"Jicho la kulia limefunga, mwanangu," alisema. "La kushoto naona kama niko nyuma ya shela. Waja lini?"

"Imebaki moja, mama."

"Moja nini?"

Mtoto alianza kulia, na mama, simu ikiwa bado sikioni, alianza kumbembeleza kwa ile bembea ya kulaza watoto aliyotubembelezea sisi sote, isiyo na maneno, sauti tano tu zikipanda na kushuka. Vidole vyangu vilikuwa juu ya ubao wa kibanda. Nilipoviangalia, vilikuwa vikiihesabu: ngazi ya nne, ya tatu, ya nne, ya saba. Kila sauti ilikuwa na ngazi yake. Hakuna hata moja iliyoangukia pasipo na waya. Niliikata simu kabla mama hajamaliza.

Nililala na jambo hilo siku sita. Siku ya saba nilikaa na daftari langu na kufanya yale niliyofundishwa kutoyafanya. Nilipima urefu wa nusu ya kwanza, nikaikata bembea ya mama iwe na urefu huohuo, nikaikalisha juu ya mvumo, nikaiandika kwa wino uleule na mkono uleule. Pambizoni sikuandika kitu. Kazi ilikuwa safi. Mhakiki yeyote asingeona mshono.

Alasiri niliichukua ala mapajani mwangu. "Mama," nilimwambia bibi, "nisikilize, kisha uniambie." Nilipiga nusu ya kwanza mara mbili, na nilipofika pale mkono wake ulipokuwa ukibaki hewani, niliendelea.

Alisikiliza akiwa amefunga macho. "Jirani yangu alipiga hivi?"

"Ndivyo, mama."

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo. Alikuwa amevaa fulana ya kijani. Ile miti ilikuwa imechanua. Alipiga huku akinitazama mpaka tukapinda kona."

Fulana ya kijani haikuwamo katika simulizi zake tatu. Miti pia haikuwamo. Aliitaka ala, na mikono yake iliupokea wimbo kwa wepesi ulionitisha. Alipiga nusu ya pili mara mbili, ikawa tatu, ikawa sita. Nilingoja ateremke mpaka zile nyuzi zinazovuma, aseme tumefika nyumbani. Hakuteremka. Vivuli viwili vilikuwa chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza havikuondoka. Bibi aliinua unyoya pale tu msikiti wa jirani ulipoadhini magharibi.

Ijumaa mwanawe aliuliza, naye alijibu, "Zimekwisha."

Mwanawe mwenyewe alinipa pasipoti, ndani ya bahasha, sebuleni, siku ambayo saini ya kutoka ilikamilika. Alivua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida, yenye uchovu.

"Nusu ile umeipata wapi?" aliuliza.

"Mama aliikumbuka."

"Mama yangu amekuwa akikomea mahali pale tangu nikiwa mtoto sijui kuvaa viatu. Nusu ile hana." Alisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha tarehe. Nilielewa hapo kwamba masharti yale aliyaweka akijua hayatatimia, kwangu na kwa yule aliyenitangulia, ili mama yake asibaki bila mtu wa kuketi naye. Aliishika bahasha kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaiachia. "Amefurahi," alisema. "Nenda."

Nyumbani Lamu, mama yangu aliniona. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akalielekeza kwangu jicho lake la kushoto. "Umekonda," alisema, "au ni jicho langu?" Tulicheka. Miezi mitatu baadaye nalo lilifunga.

Ujumbe wa sauti wa mpishi ulinifikia baada ya miezi minane. Nilikuwa uani, na mama alikuwa ameketi mkekani na mtoto.

"Mwalimu, salamu sana. Sikia. Mama mkubwa amesahau zote, ya theluji, ya sabuni, zote. Amebaki na hiyo moja, hiyo ya mwisho, na si mwanzo wake, ni hiyo nusu ingine. Akianza alasiri haachi. Zamani alikuwa anasikia adhana anaweka chini. Siku hizi hasikii. Juzi kidole kilipasuka, damu kwa nyuzi, na bado. Tukimnyang'anya analia kama mtoto mchanga. Sasa bosi anasema nikuulize, huo wimbo unaishia wapi? Andika vile unaisha, nimwonyeshe, labda atapumzika."

Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo, niliisikia ala. Nne, tatu, nne, saba. Ilizunguka na kurudi, ikazunguka na kurudi, na chini yake ule mvumo.

Niliutafuta mwisho. Nilikaa siku mbili na nakala yangu ya daftari, na ninakiri kwamba kuutunga ilikuwa rahisi: sauti nne za kuteremka, na wimbo ungekutana na zile nyuzi mbili. Mara mbili niliandika tarakimu hizo kwa penseli na mara mbili nilizifuta. Siku ya tatu nilimwuliza mama, ambaye sasa alibembeleza gizani.

"Mama, bembea hii yako huishia wapi?"

"Haina pa kuishia. Mtoto hulala."

"Na asipolala?"

"Huendelea tu," alisema.

Nilimtumia mpishi ukweli wote, mrefu, tangu kile kibanda cha simu. Nilimwambia amweleze bosi wake kwamba wimbo hauna mwisho, na kwamba mtu aketi karibu na mama yake na kumshika mkono mpaka nyuzi zitulie. Ujumbe ulisikilizwa. Jibu halikuja. Pasipoti ya mpishi, kwa kadiri ninavyojua, ingali kabatini, na ninadhani kwamba anayeketi chumbani mle kila alasiri sasa ni yeye.